Taa Iliyovunjika Kabale

Juma lililopita kijana jirani yangu alikuja akakaa barazani kwangu, akaanza kuzungumza habari za mvua. Mtu wa miaka thelathini hamtembelei mzee kwa ajili ya mvua, kwa hiyo nikangoja. Mwishowe akasema. Alikuwa Kampala kwa shughuli zake, akakodi gari, akaligusisha kwenye ukuta wa hoteli. Alama ya urefu wa kiganja, basi. Sasa alitaka kujua kama asiransi ya gari lake mwenyewe, ambalo muda wote huo lilikuwa hapa Goma limefunikwa turubai, itaguswa na alama ile. Na alitaka kujua kama ni lazima aseme.

Nilifanya kazi katika biro ya asiransi, au bima kama wanavyosema redioni, miaka mingi kuliko umri wake. Nilimpa jibu fupi palepale: sema. Mengine yote yanategemea karatasi uliyotia sahihi, nayo huijui mpaka uisome. Niliona usoni mwake kwamba jibu halikumtosha. Hata mimi halikunitosha nilipokuwa kijana, mpaka taa moja ya gari ilipovunjika Kabale na karibu inifukuzishe kazi. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaokaa nyuma ya meza leo na kuwauliza watu maswali.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakingali wanatawala. Biro yetu ilikuwa chumba kimoja cha mawe meusi ya volkeno, bati juu, dirisha likiangalia barabara iendayo ziwani. Tulikuwa watatu. Musiye Fernand, Mbelgiji, ndiye aliyekuwa ajenti. Papa Anselme, mtu wa Rutshuru, karani mkubwa, alikuwa na mvi tangu siku ya kwanza nilipomwona. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua Kifaransa cha vitabuni, na nilidhani kwamba kujua Kifaransa ndiko kujua kazi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kidirisha na kutafsiri. Karatasi zote zilikuwa kwa Kifaransa, na wenye magari weusi, ambao hawakuwa wengi lakini walikuwa wanaongezeka, walisema Kiswahili. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha wateja na kilikuwa cha Wazungu. Watu wetu walisimama nje ya kidirisha, kofia mkononi, mimi ndani nikiwasomea maswali. Wakati ule sikuona ajabu yoyote katika mpango huo. Leo naona kwamba mtu anayesimama juani hujibu upesi, na anayemuuliza akiwa kivulini huuliza upesi pia.

Papa Anselme alinifundisha mambo ambayo hayakuandikwa popote. Mtu akija kueleza ajali, hakuniruhusu nimwulize nani ana kosa. Aliweka mezani visanduku viwili vya viberiti na kumwomba mtu avisukume kama magari yalivyokwenda. Mdomo hutetea, alisema, lakini mkono unakumbuka. Niliwaona watu waliokuja wakiapa kwamba walikuwa wamesimama kabisa, kisha mkono wao ukasukuma kisanduku mbio hadi kikaanguka chini ya meza.

Alikuwa pia mtu wa kuheshimu karatasi hata pale karatasi ilipokuwa haina akili. Mwaka mmoja tembo alitoka katika hifadhi ya wanyama upande wa Rutshuru, akaegemea gari la mkulima mmoja Mzungu na kulibonyeza mlango. Fomu ilitaka jina na anwani ya upande wa pili. Papa Anselme aliandika kwa mwandiko wake mzuri: jina, Tembo, anwani, Hifadhini, je, ana asiransi, hapana. Musiye Fernand alitia sahihi bila kusoma, na fomu ikaenda hadi Bukavu kwa wakubwa. Hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa nije kwa Muzee Ramazani. Babu yake alitoka Maniema, na yeye mwenyewe aliuza vitambaa, chumvi na sabuni mjini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kanzu safi hata siku za vumbi. Katika ukoo wake alikuwa wa kwanza kununua kamyo, lori la mizigo, na aliendesha mwenyewe mpaka macho yalipoanza kumsumbua kwenye ukungu, ndipo akamwajiri shofere. Kamyo ilikwenda Goma, Kibati, Kibumba, Rutshuru, na kurudi na maharage, viazi na kabichi. Kila mwaka alikuja kwetu kufanya asiransi upya.

Mwaka ninaousimulia alikuja karibu na saa sita mchana. Foleni ilikuwa ndefu, tumbo langu lilikuwa linanguruma, na nilitaka kufunga kidirisha. Nikamsomea maswali moja moja, jina, makazi, aina ya gari, halafu nikafika swali la ajali. Nilimuuliza hivi: "Gari lako limepata ajali tangu mwaka jana?"

Akajibu, "Hapana. Kamyo yangu iko muzima."

Nikaandika hapana. Akatia kidole, kwa sababu Kifaransa hakuwa anaandika, akavaa kofia yake, akaenda. Nilikula viazi vyangu kwa amani.

Miezi miwili baadaye kamyo ile iliteleza Kibumba. Ilikuwa asubuhi, ukungu wa Kibumba mnaujua, ule unaomfanya mtu asione miguu yake. Shofere alikuwa anakwenda taratibu, kwa maelezo ya kila aliyekuwapo, lakini barabara ilikuwa na tope la usiku kucha, na nyuma ya gari ikageuka kama mlango. Ubavu wa kamyo ulimpiga mama mmoja aliyekuwa anatoka shambani na kikapu cha viazi. Aliitwa Mama Veneranda. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Walimpeleka hospitali ya Rutshuru juu ya magunia ya kabichi.

Muzee Ramazani alikuja kwetu siku ileile, kanzu ikiwa na tope hadi magotini. Hakuuliza habari za kamyo. Aliuliza kama asiransi itamtunza yule mama, maana alikuwa mjane na shamba lake lilikuwa linangoja kupaliliwa. Papa Anselme akamwambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya asiransi, asiwe na wasiwasi. Tukatoa viberiti, tukachora ramani ya ajali, dosie yenye karatasi zote ikapelekwa Bukavu.

Mimi ndiye niliyekuwa nafungua barua. Jibu la Bukavu lilipofika nililisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Wakubwa waliandika kwamba wamepata habari kutoka kwa wenzao wa Kampala. Mtu mmoja wa Goma, mfanyabiashara, jina lake Ramazani, alikodi gari Kabale, Uganda, na kugongana nalo. Ajali hiyo ilitangulia kufanywa upya kwa asiransi yake. Sasa kwa nini katika fomu yake ameandika kwamba hakuwahi kupata ajali? Na kama alisema uongo, mapatano yamekufa tangu siku alipotia kidole. Haitalipwa kamyo, na hatalipwa mtu yeyote aliyeumizwa na kamyo.

Musiye Fernand aliposomewa barua aliinua mabega tu. Alisema ndivyo walivyo, huficha kila kitu, na akaniamuru niandike barua ya kumwita Muzee Ramazani.

Nilikaa mbele ya mashini ya kuandikia na vidole vyangu havikusogea. Kulikuwa na kitu kinanisumbua, lakini sikujua ni nini. Papa Anselme akaona. Akavuta kiti chake karibu, akaniuliza nilitumia maneno gani hasa nilipomuuliza Muzee swali la ajali. Nikamwambia: gari lako limepata ajali tangu mwaka jana. Akachukua fomu tupu, akaweka kidole chake chini ya lile swali la Kifaransa, akaniambia nilisome polepole, neno kwa neno, na kulitafsiri kama vile sijawahi kuliona.

Nikalisoma. Swali lilikuwa: je, wewe, kama dereva au kama mwenye gari, umehusika katika ajali yoyote, ya gari lolote, hapa koloni au nchi ya nje?

Papa Anselme hakunikemea. Akasema, "Karatasi inauliza mutu. Wewe uliuliza gari."

Vijana, nimeulizwa mara nyingi ni kitu gani kigumu katika kazi hii, na watu hutazamia niseme hesabu au sheria. Kigumu ni hicho hapo. Tunadhani asiransi ni ya chuma, kwa sababu inabeba namba ya chuma. Lakini anayekubali kukulipia anataka kujua habari za anayeshika usukani, popote anaposhika, hata kama usukani ni wa kukodi na nchi ni ya wengine. Mikono inayoendesha gari la Kabale ndiyo itakayoendesha kamyo ya Goma.

Ningeweza kunyamaza. Mtu pekee aliyesikia swali langu alikuwa Muzee Ramazani, na neno lake dhidi ya fomu halikuwa na uzito wowote katika biro ile. Nilikuwa nimeoa karibuni, tulikuwa tumepata nyumba yetu juzi tu. Nilizunguka nyuma ya jengo nikasimama juu ya mawe kwa muda, nikitazama ziwa na kujiambia kwamba si lazima nifanye jambo hilo siku hiyohiyo. Kisha nikaona kwamba kesho barua itakuwa imeandikwa. Nikaingia.

Nilimweleza Musiye Fernand kwa Kifaransa changu cha vitabuni. Alinisikiliza akisafisha miwani. Hakukasirika kama nilivyotazamia, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kwamba neno la karani anayemtetea mtu wa kwao si ushahidi. Bukavu watacheka. Kama nataka kitu cha kuwaambia, nilete karatasi. Papa Anselme, ambaye hakuwa ameitwa, akasema kutoka mlangoni kwamba mahali ajali ilipotokea lazima kuna karatasi, na Kabale si mbali. Musiye akatupa siku kumi. Barua ya Bukavu akaiweka chini ya kizuia karatasi, pale ambapo kila asubuhi ningeiona.

Nilikwenda nyumbani kwa Muzee Ramazani nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilimweleza yote, pamoja na njaa yangu ya saa sita. Akauliza tu kama nina karatasi ya kusafiria, maana wakati ule hukuvuka mpaka bila ruhusa ya utawala. Papa Anselme akatusaidia kuipata, na siku ya tatu tukapanda gari la abiria kuelekea Rutshuru.

Njiani tuliteremka hospitalini kumwona Mama Veneranda. Alikuwa amelala mguu umefungwa kwa mbao na bendeji, mdogo kuliko nilivyomfikiria, macho makali. Muzee Ramazani alikuwa ametuma sukari na sabuni kila wiki, kwa hiyo walisalimiana kama watu wanaojuana. Nikamweleza kwa Kinyarwanda kwa nini malipo yake yamesimama, na njaa yangu ya saa sita sikuificha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa Kiswahili ili Muzee naye asikie.

"Taa ilivunjika Kabale," akasema. "Muguu yangu ilivunjika Kibumba. Ni njia gani inaunganisha hizi mbili?"

Nilijua jibu la karatasi, lakini mbele ya mguu ule lilikuwa jibu la aibu. Nikamwambia kwamba tunakwenda kuitafuta njia hiyo. Akasema basi tuende, tusikae pale kumtazama.

Tulivuka Bunagana kwa miguu. Upande wa pili tulipanda gari dogo la kwenda Kisoro na Kabale, na hapo ndipo nilipopata mshangao mkubwa wa ujana wangu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa Waingereza magari hupita kushoto. Kusikia si kitu. Nilikaa mbele, mahali ambapo kwetu angekaa shofere, mikono yangu haina usukani, na lori likaja mbele yetu likipita upande ambao moyo wangu wote ulisema ni wetu. Nilikanyaga sakafu kwa nguvu hadi kiatu kikanasa. Dereva alicheka. Muzee Ramazani, aliyekuwa nyuma yangu, hakucheka.

Tulipofika kwenye ile milima mirefu kabla ya Kabale, alianza kunisimulia bila kuulizwa. Mpwa wake alikuwa anaolewa Kabale. Yeye, mjomba mwenye kamyo, alitazamiwa kumpeleka bibi harusi kwa heshima, na kamyo yake haikuwa na ruhusa ya Uganda. Akakodi gari jeusi katika garaji ya Mhindi mmoja. Siku nzima ya kwanza aliendesha vizuri kabisa. Alifuata magari yaliyo mbele, na yalipo magari mengine mtu hakosei. Kosa lilikuja asubuhi ya pili. Alitoka uani kwa shemeji yake, barabara ilikuwa tupu, hakuna wa kumfuata, na mikono ikaenda yenyewe kulia. Kwenye kona akaja mwuza maziwa na pikapu yake, kwenye upande wake wa haki. Wote wawili wakakanyaga breki. Taa kwa taa zikagusana, moja ikavunjika, bati la juu ya tairi likaingia ndani kidogo. Maziwa hayakumwagika. Bibi harusi hakuwa ndani bado.

Niliyaandika hayo katika daftari langu, na nimewaambia watu wengi tangu wakati huo. Ukiwa nchi ya upande mwingine, usiogope mjini penye fujo. Ogopa barabara tupu, asubuhi, unapotoka uani.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alisema aliona aibu kwa shemeji zake, na walipoacha kumtania alidhani mambo yamekwisha. Alilipia taa mwenyewe, yeye na mwuza maziwa wakapeana mikono. "Halafu hukuniuliza," akasema. "Ungeniuliza, ningekuambia."

Nikafunga daftari langu.

Garaji ilikuwa karibu na soko. Mwenyewe aliitwa Bwana Jivan, mtu mnene kidogo, mwenye kalamu tatu mfukoni na Kiswahili kizuri kuliko changu. Alimkumbuka Muzee Ramazani mara moja na akaagiza chai. Lakini nilipomweleza kwamba tunataka nakala ya karatasi za ajali kwa ajili ya biro ya asiransi ya Goma, chai ikapoa mkononi mwake. Alisema yeye aliwaandikia watu wa asiransi Kampala kama mapatano ya kukodisha yanavyomtaka, hata mkwaruzo mdogo huandikwa ndani ya siku saba, na hakumshtaki mtu. Hakutaka kuingia katika mambo ya Kongo. Akauliza, "Nani anashtakiwa huko?"

Muzee Ramazani alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Ni mimi, Bwana Jivan. Nilimuuliza vibaya, akanijibu sawasawa."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa kitabu kikubwa na kuanza kupekua, akilowesha kidole. Karatasi ilikuwa imebandikwa ndani. Juu ilikuwa Kiingereza, ambacho sikukijua, akanisomea kwa Kiswahili: siku, mahali, taa moja, hakuna aliyeumia, mkodishaji ameshalipwa taa. Chini kulikuwa na mahali pa mkodi kujaza kwa mkono wake. Hapo niliona mistari miwili ya herufi za Kiarabu, safi kama zimechongwa.

Ni Muzee Ramazani aliyeandika. Nilikuwa sijui kwamba anaandika. Miaka miwili nilimtilia wino kwenye kidole gumba kama mtu asiyejua kusoma, na yeye alikuwa anaandika Kiswahili kwa herufi alizofundishwa na babu yake. Hakuna aliyemuuliza hilo pia.

Nilimwomba asome. Alivaa miwani yake, akasoma kwa sauti ya chini: "Mimi Ramazani, mwenye kamyo, wa Goma. Kosa la upande wa njia ni langu. Asiransi yangu iko Goma kwa Musiye Fernand, njia ya ziwa, mumwandikie kama munataka kujua mimi ni mutu gani."

Bwana Jivan alisema kwamba ni yeye Muzee mwenyewe aliyesisitiza iandikwe, ingawa fomu haikudai. Aliona fahari kuwa na asiransi. Na kwa sababu ya anwani hiyo, Kampala walijua mahali pa kupeleka habari, nao wakaipeleka Bukavu kwa wakubwa wetu.

Nilikaa na karatasi ile mikononi nikifikiri. Habari iliyomtia Muzee matatani ilitoka kwake mwenyewe. Mtu anayetaka kuficha haachi jina la ajenti wake kwa watu wa nchi nyingine na kusema mwandikieni. Bwana Jivan alipiga nakala kwa mashini, akatia muhuri wa garaji sehemu tatu, hata pale ambapo muhuri haukuhitajika, na akakataa malipo ya karatasi.

Musiye Fernand aliisoma nakala na tafsiri yangu akiwa amesimama dirishani. Safari hii nilitafsiri kila neno, na Papa Anselme alikagua. Musiye alipofika kwenye jina lake mwenyewe aliondoa miwani. Aliuliza kama ni kweli mtu huyu anaandika. Nikasema ndiyo. Aliandika barua kwa Bukavu kwa mkono wake, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida, akaeleza kwamba swali liliulizwa vibaya katika biro yake na kwamba mteja alikuwa na nia njema. Hakuandika jina la karani. Lakini aliniondoa kwenye kidirisha, na masika yote nikapanga dosie za zamani na kulamba stempu.

Tulingoja wiki sita. Wiki hizo sizisimulii, kwa sababu hakukuwa na kitu isipokuwa kungoja. Kisha jibu likaja. Mapatano yalikuwa hai. Mama Veneranda angelipiwa hospitali na kupewa fidia, na kamyo ingetengenezwa. Ada ya Muzee Ramazani ingepanda mwaka unaofuata, zaidi kwa sababu ya Kibumba, kidogo sana kwa sababu ya Kabale, maana pale hakuna aliyedai chochote. Na kifungu kipya kiliongezwa: akitaka kuendesha nje ya koloni na Ruanda, aseme kwanza.

Nililipeleka jibu Rutshuru mimi mwenyewe. Mama Veneranda alikuwa ameanza kutembea na magongo. Aliuliza kama ile njia tumeipata. Nikamwambia ndiyo, ilipita katika mdomo wangu. Akasema kwamba safari nyingine nile kabla ya kwenda kazini, kisha akaniuliza ni nani katika watu wa Kibumba anayejua kupalilia viazi bila kukata shina.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini juma moja baadaye Muzee Ramazani alikuja bironi na daftari jipya la shule na kalamu ya mwanzi. Hakuja kwenye kidirisha. Alimwomba Papa Anselme ruhusa nikae naye ngazini, nimsomee mapatano yake yote, kuanzia juu hadi chini, hata maandishi madogo. Papa Anselme akatazama mlango wa Musiye, mlango ulikuwa umefungwa, akaniambia niende.

Ilituchukua alasiri nne. Nilisoma kifungu kwa Kifaransa, nikakieleza kwa Kiswahili, yeye akanihoji, na maswali yake yalikuwa magumu. Moto wa volkeno ukishuka na kuchoma kamyo, ni ajali au ni kazi ya Mungu? Shofere wangu akimwachia usukani kaka yake, tunalipwa? Mara tatu nilirudi ndani kumwuliza Papa Anselme, na mara moja Papa Anselme mwenyewe hakujua. Watu waliopita walianza kusimama. Siku ya tatu walikuwa wenye magari watano wamekaa juu ya mawe wakisikiliza, na mmoja alitambua kwamba kwa miaka miwili alikuwa analipia trela ambalo alikwisha kuliuza.

Baada ya kila kifungu Muzee aliandika kwa Kiswahili, kutoka kulia kwenda kushoto, akitamka maneno polepole. Yalikuwa mapatano ya kwanza ya asiransi kwa Kiswahili niliyowahi kuyaona, na sidhani kama yalikuwapo mengine kuanzia Goma hadi Rutshuru.

Tulipofika kwenye swali la ajali nilitaka kumtafsiria upya, kwa uangalifu wote, na kila neno mahali pake. Aliinua mkono akanizuia. Akasema hili analijua. Akaandika mstari mmoja, akaupuliza wino ukauke.

Nikamwomba anisomee. Akasogeza daftari mbali kidogo na macho yake, akasoma: "Uligonga nini, wapi, na gari ya nani? Sema hata kama ni kidogo."

Niliomba ruhusa kuunakili. Niliporudishwa kwenye kidirisha niliibandika nakala yake ndani, upande wangu, mahali ambapo mteja haioni, na sikumuuliza tena mtu swali lile kwa maneno mengine mpaka siku niliyostaafu.